Nageti za kuku zinalegea kabla wageni hawajafika: kosa liko wapi?

Swali: "Shikamoo mpishi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Morogoro. Nikikaanga nageti za kuku zinatoka kwenye mafuta zikiwa kavu na zina rangi nzuri. Nikiziweka kwenye hotipoti, nusu saa baadaye zimelegea kama zimechemshwa, na ganda linabanduka lote. Nyingine ukizikata katikati bado zina wekundu. Natumia nusu kilo ya kidari, nakisaga pamoja na kitunguu, hoho na dania kwenye blenda, natengeneza vidonge, nachovya kwenye yai, nazungushia unga wa ngano, nakaanga. Mwezi ujao mwanangu wa mwisho anatimiza miaka 7 na nataka kulisha watoto 20. Nakosea wapi?"

Marahaba, mama, na hongera kwa mtoto kufikisha miaka 7. Umeuliza vizuri kuliko wengi wanaoniandikia, maana umetaja kila ulichoweka na hata chombo ulichohifadhia. Naanza na hicho chombo, kwa sababu nusu ya jibu imo humo.

Hotipoti imetengenezwa ili joto lisitoke, na unyevu nao unabaki humohumo. Kwa wali na pilau inafaa sana, na chapati ndiyo kabisa, maana chapati inautaka ule unyevu ili ibaki laini. Nageti haiutaki. Nyama ya kidari, karibu robo tatu ya uzito wake ni maji, na nageti ikitoka kwenye mafuta maji hayo bado yamepata moto, yanaendelea kutoka ndani yakiwa mvuke kwa dakika kadhaa. Mvuke ukipata hewa unakwenda zake. Ukifungiwa unapanda hadi kwenye mfuniko, unageuka matone, matone yanarudi kwenye nageti za juu, na za chini zinaloweshwa na jasho la zilizo juu yake. Ukitandika tishu chini, tishu inanyonya mafuta kidogo kisha inalowa na kukaa kama kitambaa kibichi chini ya chakula. Kwa hiyo hata ungekaanga kwa ustadi wa hali ya juu, ile nusu saa ndani ya hotipoti ingekuharibia kazi. Mambo ya ukavu wa nageti, tangu sokoni hadi mezani, ni mambo ya maji: yako wapi, yanatokea wapi, yanapita njia gani. Ukilishika hilo, malalamiko yako mawili, kulegea na kubanduka, utayaona yanatoka chimbuko moja; ule wekundu wa ndani una sababu yake, nitaufikia.

Tazama kinachotokea ndani ya karai. Mafuta yako kwenye nyuzi 170 hivi au 180, wakati maji yanachemka kwenye 100. Nageti ikigusa mafuta, maji yaliyo kwenye ganda yanachemka papo hapo; zile povu unazoziona zikiruka pembeni mwa kipande ni maji yanayokimbia. Ganda likishapoteza maji yake linakauka na kuwa gumu, na ndilo linalotoa ule mlio ukiling'ata. Povu zikianza kutulia na sauti ya karai ikipungua, ujue maji ya ganda yamekaribia kwisha. Sikio la mpishi linafanya kazi kubwa hapa. Mama anayekaanga bhajia barabarani hana kipimajoto, lakini anageuza au anaopoa kwa kusikia tu sauti ya mafuta.

Sasa tuje kwenye blenda yako. Kitunguu maji ni maji kweli, kama jina lake, na hoho ndiyo zaidi. Ukivisaga pamoja na kuku, umeongeza kikombe kizima cha maji kwenye nyama ambayo tayari ina maji ya kutosha. Mchanganyiko unakuwa uji, unalazimika kuukaza kwa unga, ladha ya kuku inafifia, na ukifika kwenye mafuta yale maji yote yanatafuta njia ya kutokea. Njia iliyopo ni moja tu, kupitia kwenye ganda. Mvuke unalisukuma ganda kutoka ndani, linaachana na nyama, na ndiyo sababu unabaki nalo mkononi. Kama unavipenda hivyo viungo, na mimi navipenda, vikatekate vidogo sana kwa kisu, vitie chumvi kidogo, viache dakika kumi, kisha vikamue kwenye kitambaa safi kama unavyokamua tui. Utashangaa kiasi cha maji kitakachotoka. Njia nyepesi zaidi ni kutumia kitunguu saumu kilichotwangwa, tangawizi kidogo, pilipili manga na bizari nyembamba ya unga, halafu dania ukaiweka kwenye kachumbari ya pembeni.

Tatizo la ganda kubanduka lina historia, na historia yenyewe inasaidia kupika. Mtu aliyelitatua kwanza ni Robert Baker, profesa wa sayansi ya chakula katika Chuo Kikuu cha Cornell, mji wa Ithaca, jimbo la New York. Mwaka 1963, akiwa na mwanafunzi wake Joseph Marshall, alitengeneza vijiti vya kuku wa kusaga vilivyovikwa chenga, ambavyo ndivyo baba wa nageti za leo. Walikuwa na mafundo mawili ya kufungua: nyama iliyosagwa itashikamanaje bila ngozi, na ganda litang'ang'aniaje kwenye nyama inayosinyaa ikigandishwa na inayotoa mvuke ikikaangwa. Fundo la kwanza walilifungua kwa kusaga nyama mbichi pamoja na chumvi na siki ili ivute protini zake zinazonata, kisha wakaongeza maziwa ya unga na nafaka iliyosagwa. La pili walilifungua kwa kuipa nyama umbo, kuigandisha, kuivika rojo la mayai na chenga za kornfleksi, halafu kuigandisha tena. Baker hakuchukua hataza ya ugunduzi wake. Aliandika njia nzima na kuisambaza bure kwa yeyote aliyeitaka, na miaka 20 baadaye, 1983, McDonald's wakaanza kuuza nageti zao Marekani nzima. Kwa hiyo ukijua chumvi inafanya nini kwenye nyama ya kusaga, unatumia elimu ambayo mwenyewe alikusudia imfikie kila mtu.

Na chumvi inafanya hivi. Ukiichanganya na kuku wa kusaga aliye baridi, halafu ukaukanda mchanganyiko kwa mkono dakika tatu au nne, protini za misuli zinayeyuka kidogo na kuwa gundi. Utaiona nyama inabadilika: mwanzo inamomonyoka kama ugali wa jana, kisha inaanza kuvutana, inanata kwenye vidole na kubaki kwenye bakuli ukiinamisha. Ikifika hapo haihitaji yai ndani wala unga mwingi. Gundi hiyo inayashika maji ya nyama yasimwagike ovyo, ndiyo maana nageti inakuwa na unyevu ndani bila kulowesha ganda. Nyama iwe imetoka kwenye friji muda huohuo. Ikipata joto la jiko haishikani vizuri.

Kwa nusu kilo yako weka kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, kijiko kimoja cha chai cha siki, kijiko kimoja cha chakula cha maziwa ya unga, vijiko viwili vya chakula vya chenga za mkate, na viungo nilivyotaja. Basi. Kuhusu nyama yenyewe, ningekushauri uchanganye kidari na paja, nusu kwa nusu. Kidari peke yake hakina mafuta, kikizidi moto kidogo kinakuwa kama kamba. Chukua kuku wa kisasa. Kuku wa kienyeji namheshimu sana kwenye supu na kwenye mchuzi wa nazi, ila nyama yake ni ngumu kwa kazi ya dakika nne kwenye mafuta. Kama unanunua aliyegandishwa, mwache ayeyuke usiku kucha kwenye friji akiwa juu ya chekecheke lililowekwa juu ya bakuli, ili maji yanayotoka yasirudi kwenye nyama.

Kuna suala la kumwosha kuku kwa ndimu, ambalo najua ni desturi yetu na wengi wanaliona kama usafi wenyewe. Maji ya bomba yakigonga kuku mbichi yanarusha vijidudu kama Salmonela kwenye sinki, kwenye vyombo, hata kwenye nguo yako, na kinachoviua ni moto tu. Mimi siku hizi siwaoshi. Kama nyumbani kwako haiwezekani kumpika kuku ambaye hajaoshwa, basi mwoshe ndani ya bakuli na si chini ya bomba linalomwagika, safisha sinki kwa sabuni baadaye, na kabla ya kusaga mpanguse nyama kwa tishu ya jikoni mpaka tishu itoke karibu kavu. Hapo kwenye kupangusa ndipo watu wengi wanaposhindwa.

Umesema unatengeneza vidonge. Acha vidonge, tengeneza vipande bapa. Kidonge cha mviringo kina safari ndefu kutoka nje hadi katikati. Ganda linageuka kahawia huku moto haujafika ndani, ndiyo ule wekundu uliouona. Chukua nyama ya uzito wa gramu 20 hivi, kama kijiko kimoja cha chakula kilichojaa kiasi, ibonyeze iwe na unene wa sentimita moja na nusu. Lowesha viganja kwa tone la mafuta badala ya maji. Vipange kwenye trei, viingize friji kwa nusu saa vikaze. Ukipenda vipande vya kidari kizima visivyosagwa, ni sawa pia na ni rahisi zaidi; vikate unene uleule, vitie chumvi na viungo, na uvipanguse vizuri kabla ya kuvivika.

Kuvika ndiko kuliko na siri kubwa, na wewe umekwenda kinyume: umeanza na yai ukamalizia na unga. Unga wa ngano ukiwa nje kabisa unanyonya yai na kuwa ugali mwembamba, ukikaangwa unakauka juu tu, na ndani yake unabaki laini kama andazi. Anza na unga, fuatisha yai, malizia na chenga za mkate. Unga wa kwanza unakausha uso wa nyama na kulipa yai mahali pa kushika. Yai likipata moto linaganda na kuwa gundi. Chenga zinakuja juu zikiwa tayari ni kavu, kwa hiyo mafuta hayana maji mengi ya kuondoa pale nje, na kwa kuwa zina kona kona nyingi, kila kona inakuwa kavu peke yake. Wengi waliokulia pwani hili wanalijua, kwa sababu katlesi mara nyingi zinavikwa chenga hivyohivyo.

Huo unga wa kwanza usiwe ngano tupu. Nusu yake iwe kornflawa, yaani wanga wa mahindi, au unga wa mchele, au unga wa muhogo uliochekechwa vizuri. Ngano ina gluteni inayovutana na kulifanya ganda kuwa gumu kama ngozi. Wanga hauna gluteni na unakauka vizuri zaidi. Mimi nyumbani natumia unga wa muhogo, maana unapatikana, ni wa bei nafuu na ukavu wake unadumu. Ongeza nusu kijiko cha chai cha chumvi na nusu kijiko cha paprika au pilipili manga kwenye unga, kwa sababu ganda lisilo na chumvi linaifanya nageti nzima ionekane imepooza.

Chenga zitoke kwenye mkate wa jana au juzi, usio na sukari nyingi. Mkate mtamu unaungua rangi kabla nyama haijaiva. Vunjavunja, kausha kwenye oveni yenye moto mdogo au anika juani umefunika kwa chandarua cha chakula, kisha ponda kwa chupa. Usiusage ukawa vumbi. Chenga ziwe za ukubwa wa punje za mchele uliovunjika, nyingine kubwa nyingine ndogo, kwa sababu vumbi linashikamana na kuwa tabaka moja lisilopitisha mvuke, wakati chenga kubwa zinaacha vipenyo. Panko za Kijapani zinazouzwa supamaketi ni nzuri kwa sababu hiyohiyo, ni vipande vyepesi na vyenye hewa, lakini bei yake kwa watoto 20 siioni sababu. Kornfleksi zilizopondwa kidogo, kama alivyotumia Baker, zinatoa mlio mkali zaidi. Changanya robo yake na chenga za mkate.

Ukivika, kung'uta. Kipande kikitoka kwenye unga kipigepige ili ubaki ukungu tu. Unga ukizidi, unakuwa tabaka kavu lisilogusana na nyama wala yai, na hapo ganda lina kila sababu ya kuvuka. Kwenye yai, kiache kidondoshe. Kwenye chenga, kibonyeze kwa kiganja pande zote mbili. Mkono wa kulia ushike vikavu, wa kushoto ushike yai, la sivyo vidole vyako ndivyo vitakavyovikwa chenga.

Kisha viache vipumzike dakika 20 kwenye friji, kwenye trei, bila kugusana na bila kufunikwa. Watu wana haraka wanairuka hatua hii, na mimi nimeiruka mara nyingi nikajuta. Katika dakika hizo unga unavuta unyevu kidogo kutoka kwenye nyama na yai, na vitu vitatu vinakuwa kitu kimoja. Kama huna friji, dakika kumi mahali penye upepo zinatosha, ila usizidishe, kuku mbichi kwenye joto letu si wa kuachwa.

Mafuta. Alizeti au mawese yaliyosafishwa, yoyote kati ya hayo yanafaa. Muhimu ni yawe mengi na yawe safi. Yawe na kina cha sentimita tano au sita, na yasizidi nusu ya karai, kwa sababu povu litapanda. Mafuta yaliyokwisha kukaangia samaki mara nne yana rangi, yanatoa moshi mapema, yanatoa povu, na yanang'ang'ania kwenye ganda. Kwa sherehe ya mtoto nunua mapya, ukimaliza yachuje kwa kitambaa, utayatumia tena.

Kipimajoto cha jikoni ni kitu kidogo ambacho natamani kila nyumba inayokaanga iwe nacho, kwa mafuta na kwa nyama. Kama hukipati, dondosha kipande cha mkate. Kikizama kikakaa chini bila povu, mafuta bado. Kikipanda mara moja, kikazungukwa na povu na kuwa na rangi ya dhahabu kwa muda wa kama dakika moja, uko karibu na nyuzi 175 au 180. Kikiwa kahawia ndani ya sekunde 20, punguza moto na subiri. Kwenye jiko la mkaa, ambako moto haupungui kwa kuzungusha kitufe, shughulika mapema: sogeza makaa pembeni, au liondoe karai motoni kwa dakika moja kwa uangalifu. Na mafuta yakishika moto usimwage maji hata tone. Funika kwa mfuniko na uzime jiko.

Usijaze karai. Kila kipande kinachoingia kinashusha joto, na ukiingiza 20 kwa pamoja mafuta yanashuka mpaka nageti zinaoga badala ya kukaangwa. Mvuke unatoka polepole, hauna nguvu ya kuyazuia mafuta, ganda linanyonya. Karai lenye mafuta lita moja na nusu lichukue vipande 8 tu. Ukishaviweka usiviguse kwa dakika moja nzima. Ganda bado ni laini, ukilichokonoa na kijiko litavuka. Baada ya hapo geuza. Kwa unene niliokupa, dakika tatu na nusu hadi nne zinatosha. Ndani ifike nyuzi 74, na kama huna kipimajoto, pasua kipande kinene kuliko vyote: nyama iwe nyeupe mpaka katikati, majimaji yake yawe angavu.

Ukiopoa, weka kwenye wavu. Wavu wa oveni juu ya sinia, au chekecheke pana la chuma, chochote chenye hewa chini. Vipange safu moja. Nageti ikianza kupoa, mvuke unapungua na mafuta yaliyobaki juu ya ganda yanavutwa ndani, kwa hiyo kung'uta mafuta mara tu inapotoka, si baadaye. Nyunyiza chumvi kidogo hapohapo ikiwa bado inang'aa.

Hapo ungeweza kula, na zingekuwa nzuri. Lakini wewe una sherehe, na sherehe inataka ukavu unaosubiri wageni. Kwa hiyo kaanga mara mbili. Mara ya kwanza moto wa wastani, nyuzi 160 hadi 165, dakika nne, mpaka nyama iive kabisa lakini ganda liwe bado la rangi ya mchanga. Toa, weka kwenye wavu. Wakati zinapumzika, maji kutoka katikati yanasogea hadi kwenye ganda. Mara ya pili, mafuta yakiwa nyuzi 185 hadi 190, zirudishe kwa sekunde 40 hadi 60 tu. Yale maji yaliyosogea yanafukuzwa kwa nguvu, na ganda linakauka kau. Hata zikikaa mezani nusu saa zitakuwa na mlio, mradi hazifunikwi.

Njia ya oveni ipo, na kwa anayepunguza mafuta inafaa. Kasoro yake ni rangi: chenga zinabaki nyeupe mpaka kuku amekauka. Dawa yake ni kukaanga chenga zenyewe kwanza, zikiwa peke yake kwenye kikaango na vijiko viwili vya mafuta, mpaka ziwe za dhahabu, ndipo uvike. Kisha oveni ya nyuzi 200, juu ya wavu, dakika 12 hadi 15, ukigeuza mara moja.

Unaweza pia kutengeneza mapema na kugandisha. Zikishavikwa, zigandishe zimetengana kwenye trei kwa saa mbili, ndipo uzitie kwenye mfuko. Zikaange zikiwa zimeganda vilevile, chache zaidi kwa mkupuo, nyuzi 165 kwa dakika sita au saba. Usiziyeyushe kwanza, barafu ikiyeyuka inakuwa maji na chenga zinalowa. Umeme ukikatika zikayeyuka zikiwa bado baridi, kaanga siku hiyohiyo, usizigandishe tena.

Sasa siku yenyewe. Watoto 20, tuseme vipande vitano kila mmoja, ni vipande 100, yaani kilo 2 za nyama. Andaa mayai 7, mikate miwili ya kawaida ya chenga, nusu kilo ya mchanganyiko wa unga, na lita 3 za mafuta kwa makarai mawili. Usiku wa kuamkia sherehe kanda nyama, tengeneza vipande, panga kwenye trei, funika, friji. Asubuhi saa nne vika, rudisha friji bila kufunika. Wageni kama ni saa nane, saa saba kamili anza mkaango wa kwanza. Kwa makarai mawili, vipande 8 kila moja, utamaliza karibu na saa saba na nusu. Viache kwenye wavu, viko wazi. Saa nane watoto wakishafika na wameanza kunywa juisi, pandisha moto na urudishe vipande 12 12, chini ya dakika moja kila mkupuo, moja kwa moja hadi kwenye sinia pana lisilo na mfuniko. Tomato sosi iwe kwenye kibakuli cha pembeni, kila mtoto achovye mwenyewe, usiimwage juu. Hotipoti iwekee pilau.